Kajileta Mwenyewe

Wanangu wa madagoni, nyinyi mnaotega jarife kuanzia Somanga mpaka Mchinga, haya ninayosema mmeshayasikia. Mmeyasikia msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Mmeyasikia kwenye mkutano wa kijiji, bwana samaki alipokuja na makaratasi yake. Wengine mmeyasikia kwangu, mkaitikia "naam, mzee" huku jicho liko kwenye simu. Sina la ajabu la kuongeza. Nayarudia kwa kuwa jibu lenu nalo halibadiliki: nguva akipandishwa na wavu, kasa akikutwa kafa ndani ya jarife, mnajitoa kwa neno moja tu, kajileta mwenyewe.

Basi leo tukae na jibu hilo, taratibu, maana kugombana kumenichosha.

Jarife mnalijua. Ni wavu wa macho makubwa na uzi mnene, unatiwa magharibi na kupandishwa alfajiri, na usiku kucha hakuna mtu anayeuchunga. Umeshonwa kwa ajili ya papa na taa, lakini wavu hauchagui. Nguva anavuta pumzi kwa pua, lazima apande juu kila baada ya dakika chache. Akinaswa chini hafi kwa jeraha. Anakufa kwa kukosa hewa, huku anapiga mkia mpaka nguvu zimwishie. Kasa vile vile. Mnapompandisha amekwisha kuwa mzoga, na hapo ndipo mnaponigeukia: sasa tumfanye nini, mzee, kashakufa, tumtupe?

Lakini kabla ya alfajiri palikuwa na magharibi, mwanangu. Magharibi ile wavu uliutia wapi? Nguva hali samaki. Anakula nyasi za bahari, zile zinazoota kwenye mchanga wa maji mafupi, na anapokula anang'oa na mizizi, anaacha njia nyeupe katikati ya majani. Maji ya bamvua yakijaa, anaingia ndani kuzifuata. Hakuna nahodha wa pwani hii asiyejua nyasi hizo zilipo, maana ndiko wanakokulia tasi na changu wa kitoweo chake. Ukitia jarife juu ya malisho, kisha ukasema mnyama kajileta, umesema nusu ya kweli. Yeye alikwenda kula. Kilichojileta ni wavu.

Kisa cha watu wa Jumamosi mmekisoma chuoni, wengine kwa bakora. Walikuwa wavuvi kama nyinyi, watu wa mji wa pwani katika wana wa Israili, walioharamishiwa kuvua siku ya Jumamosi. Wakatiwa mtihani: siku hiyo hiyo samaki wanakuja juu juu, wanaonekana kwa macho, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanasimulia hila waliyoitunga. Ijumaa wanatega. Jumamosi wanakaa majumbani mwao wameshika dini. Jumapili wanakwenda kukusanya. Ukiuliza nani kavua Jumamosi, hakuna hata mmoja. Samaki wameingia wenyewe. Mnajua mwisho wao, waligeuzwa nyani, na mimi sikuja kuwatisha kwa hilo. Nataka mwone tu kwamba hila hii ina umri mkubwa, na kwamba hukumu haikuangalia siku aliyoingia samaki. Iliangalia mkono uliotega.

Katika kisa hicho kuna fungu la watu ambalo masheikh hulipita haraka, na uzeeni huku ndilo ninaloliwaza sana. Mji ule uligawanyika mara tatu. Wapo waliovuka mpaka. Wapo waliowakanya. Na wapo waliokaa pembeni, wakawauliza wale wakanyaji kwa nini wanajisumbua na watu ambao mwisho wao umeshajulikana. Fungu hili la tatu ni wenzangu wa barazani. Watu wema, hawajatia wavu miaka mingi, sala haziwapiti. Wananiambia, mzee mwenzetu, waache vijana, serikali yenye boti na bunduki imeshindwa, utaweza wewe na bakora yako? Wale wakanyaji walijibu kwamba wanatafuta cha kujitetea nacho siku watakapoulizwa wao, na kwamba pengine hata hao wanaokanywa watarudi. Mimi natosheka na hilo la kwanza. La pili nikilipata ni faida juu yake.

Ipo mara moja ambayo nakubali bila ubishi kwamba kajileta mwenyewe. Mwaka 2003, upande wa Songo Mnara hapa hapa Kilwa, wavuvi walimpandisha samaki ambaye hakuna aliyemjua jina. Mzito, magamba manene, mapezi yake hayakushikana na mwili moja kwa moja bali yamekaa juu ya vikono vya nyama. Ndiye silikanti, wa kwanza kuandikwa katika Tanzania. Wataalamu walikuwa wameamini kwamba kizazi chake kilikatika zama za dinosaria, mpaka mwaka 1938 chombo cha wavuvi wa Afrika Kusini kilipomtoa mmoja, na Marjorie Courtenay-Latimer, mama aliyekuwa akisimamia makumbusho ya mji wa East London, akatambua kwamba hiki kilicholala kwenye rundo la samaki si cha kawaida. Mvuvi wa Songo Mnara angejuaje? Hana lawama.

Ila kuanzia 2004 Tanga nako wakaanza kuwapandisha, mmoja baada ya mwingine, kwa majarife yaliyoshushwa maji marefu kutafuta papa. Hapo udhuru wa kutojua ulikwisha, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kule Tanga kwa ajili yake. Wala msidhani ni samaki wa kuzaa haraka. Utafiti uliotoka mwaka 2021, wa kuhesabu pete za magamba yake, ulionyesha kwamba anaweza kufika karibu miaka 100, kwamba jike hazai mpaka apite miaka 50, na kwamba mimba yake huchukua miaka mitano. Miaka mitano! Na ukishamuua, nyama yake ina mafuta ya kuharisha. Sijui mnagombea nini hapo.

Turudi kwa nguva, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kidogo. Jike hubeba mimba miezi 13 au 14. Anazaa mtoto mmoja. Anamnyonyesha mwaka na nusu, na kutoka mtoto hadi mtoto huweza kupita miaka 3, huweza kupita 7. Nyinyi mnaojua kugawa mapato ya chombo mpaka senti ya mwisho, fanyeni na hesabu hii. Jike mmoja aliyekufa usiku wa jana ana deni la miaka mingapi kabla bahari haijamrudisha? Zamani walionekana kutoka Lamu mpaka Msumbiji, kwa makundi. Leo ukimtafuta nguva katika Tanzania unaambiwa nenda Rufiji, Mafia na Kilwa, na humo humo mtu huweza kuvua umri wake wote asimwone. Kundi pekee la maana lililobaki katika upande huu wa Bahari ya Hindi liko Bazaruto, Msumbiji, nalo ni la mia chache tu. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. (Mizaha yenu juu ya nguva na mabaharia sitaiandika hapa. Kuna watoto wanasoma.)

Sheria mnaijua, maana mmeshakimbizwa nayo. Ipo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na zipo kanuni zake za mwaka 2009, na humo nguva na kasa wamekatazwa. Haikuandikwa kwamba ni halali akijileta. Ukikutwa na nyama umekutwa na nyama, na gamba ni hivyo hivyo. Kijana mmoja alinibishia kwamba sheria haina huruma kwa bahati mbaya ya mvuvi. Nikamwambia bahati mbaya haiji kila maji ya bamvua, mahali pale pale.

Juu ya kasa nitasema jambo ambalo sheria hata isingekuwepo ningelisema. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto wanane wakafa, na mtu mzima mmoja. Wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 huko huko Pemba walikuwa wamekufa saba, na katika hao mtoto wa miaka mitatu. Sumu ile haina harufu, haitoki kwa kuchemshwa, na hospitali hawana dawa ya kuiondoa. Wanachoweza ni kumsaidia mgonjwa apambane nayo. Mama akila, mtoto anayemnyonyesha huipata katika maziwa. Na kasa mwenye sumu hana alama. Wa jana mlimla mkalamba vidole, wa leo anaangusha nyumba nzima. Mimi nimeshawahi kuona sufuria la kasa limewekwa katikati ya shughuli, watoto wamelizunguka na vibakuli, na nikiitaja Panza naambiwa ajali ni ajali. Haya.

Mtasema mababu walikula. Walikula, ndiyo. Yupo baharia wa Kiyunani aliyeandika habari za bandari hizi karibu miaka 2000 iliyopita, na tayari anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa kuwa ni bidhaa za pwani yetu. Lakini hebu waangalieni mababu hao walivyomtafuta kasa. Walimtumia chazo, yule samaki mwenye kibandiko kichwani anayejishika kwenye matumbo ya papa. Wanamfunga kamba nyembamba kwenye mkia, wanakwenda naye chomboni ndani ya maji. Wakimwona kasa anaelea wanamwachia, chazo anamwendea, anajibandika kwenye gamba, na mtu anaivuta kamba polepole, akiharakisha tu chazo anabanduka na kasa huyo kazama. Asubuhi nzima kwa kasa mmoja, na mara nyingi wanarudi na chazo peke yake. Bahari ilikuwa na nafasi ya kupumua. Nyinyi mna uzi wa nailoni, mna injini, na wavu wenu haulali. Msiwasingizie mababu.

Tena si kila walilofanya mababu ni la kurithi. Kilwa Kivinje ya karne ya 19 ilineemeka kwa misafara iliyotoka Nyasa, pembe na watumwa katika msafara mmoja. Ile nayo ilikuwa biashara ya mababu, yenye majumba ya mawe na milango ya nakshi. Nani kati yenu anataka kuirudisha?

Pembe zinanileta kwa ndugu zenu wa bara, wale wa bodaboda wanaoingia Nangurukuru usiku na kiroba nyuma. Huko "kajileta mwenyewe" inaitwa "nilipewa tu nibebe". Wanangu, katika Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 kukutwa na nyara ya serikali ni kosa linalojitosheleza, na mashitaka hayo huunganishwa na uhujumu uchumi. Kwa pembe, hukumu ni miaka 20 na inaweza kufika 30. Hakimu hatakuuliza tembo alifia wapi. Mahakama ya Kisutu, Februari 2019, ilimfunga Yang Feng Glan, yule mama wa Kichina waliyembandika jina la Malkia wa Pembe za Ndovu, miaka 15 kwa pembe 860. Pigeni hesabu ya huyo na ya mbebaji wa pembe mbili, mtaona nani anayelipa zaidi kwa kila kilo. Mwenye mzigo hapandi bodaboda.

Na uharibifu wenyewe si hadithi. Pori la Selous, ambalo kwa upande wetu lilikuwa linagusa Kilwa na Liwale, mwaka 1976 lilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya laki moja. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta 13,084. UNESCO ikaliweka pori hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Najua mtakachonijibu hapa, na katika hili mna haki ya kusikilizwa kuliko mnavyosikilizwa. Sheria hizi hazikuzaliwa kwa kutupenda. Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya kuwinda kwa kibali mwaka 1896, na moja ya mapori yake ya mwanzo ilikuwa huko Rufiji. Vita vya Maji Maji vilipowaka katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905, pamba ya shuruti ndiyo iliyokuwa mbele, lakini mtu aliyezuiwa kuwawinda wanyama wanaokula shamba lake naye alikuwa na lake moyoni. Waingereza wakaja, wakawahamisha watu wa Liwale katika miaka ya 1940, na vijiji vyao vikawa pori. Juzi tu, mwaka 2013, Operesheni Tokomeza ilikwenda kusaka majangili ikawaumiza wasiohusika, mpaka ikasimamishwa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Na leo tembo wanapoongezeka kidogo, wanapita kwenye mihogo na mahindi ya Liwale na Kilwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliandika kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Milioni moja! Na hiyo ni baada ya kujaza fomu na kungoja.

Sikatai hata moja. Lipelekeni kwa diwani, lipelekeni kwa mbunge, lisemeni kwenye mkutano wa kijiji mpaka liandikwe kwenye muhtasari, nami nitakuja nikae mbele. Lakini kasa hakuwa karani wa Wissmann. Nguva hakuhamisha mtu Liwale. Kisasi cha serikali mnamlipisha mnyama, na mnyama akiisha, serikali iko pale pale na nyinyi hamna kitu.

Wapo hata wasiokuwa na pembe wala nyama wala bei. Katika uwanda wa Rondo, huku Lindi, yuko komba mdogo wa gramu 60 tu, anayeitwa kwa jina la uwanda huo, na wataalamu walimwingiza katika orodha ya jamii za nyani na komba 25 zilizo hatarini zaidi duniani. Hakuna anayemwinda. Anamalizwa na shoka, tanuri la mkaa na shamba jipya la ufuta. Kwa huyo sina mawaidha marefu: msitu wa hifadhi una mpaka, na mpaka mnaujua.

Basi mnaniuliza, mzee, papa ndiyo riziki yetu, tufanye nini? Nawajibu kivuvi, si kisheikh. Jarife liondoke kwenye nyasi, lote, hata kama nguru wamesemwa wako huko. Wavu ukitiwa, chombo kilale karibu nao, na upandishwe usiku wa manane badala ya kungoja alfajiri. Usingizi mtalala mchana. Kasa akikutwa mzima lakini amelegea, msimrudishe majini papo hapo, atazama. Mlazeni chomboni kifudifudi, nyuma pameinuliwa kidogo kuliko kichwa ili maji yatoke mapafuni, mfunikeni gunia bichi mgongoni, pua muiache wazi, na mumkinge na jua. Mpeni muda, hata kama ni saa nyingi. Akianza kupiga mapezi kwa nguvu, zimeni injini, mshusheni kwa mikono miwili kwa kushika gamba. Msimvute kwa pezi, linateguka.

Nguva akiwa hai ndani ya wavu hana muda huo. Kateni. Najua hapo penye kisu ndipo penye ugomvi, maana jarife ni ghali na wengi wenu si lenu, ni la tajiri aliyeko Kilwa Masoko ambaye hajalowa hata kisigino, naye atauliza macho yaliyokatika kabla ya kuuliza mliorudi. Mwambieni nimesema mimi. Na wavu wenyewe uleteni barazani kwangu baada ya alasiri. Uzi ninao, sindano ninayo, kazi ya kushona bado naiweza, na fedha sitaki. Ila aje na aliyekata, anishikie upande wa pili.